Wifi Yako Amekubali

Mdogo wangu hanunui kifaa mpaka akihoji kwanza. Sisi wengine tunaingia dukani, tunaona rangi, tunaona bei, tunatoa hela. Yeye anaingia na flashi mfukoni, anaomba kompyuta ya watu iwashwe kwa flashi yake badala ya kilichomo ndani, halafu anavuta kiti. Kiti kisipokuwepo anasimama. Anaangalia kama mtandao unashika. Anapiga muziki kidogo asikie kama sauti inatoka. Anajitazama kwenye kamera bila hata kunyoosha kola ya shati. Anafunga mfuniko, anahesabu mpaka thelathini, anafungua tena aone kama mashine imeamka au imezimia. Wenye maduka wanamfahamu. Wengine wakimwona anakuja wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi stoo.

Ndani ya ile flashi kuna Linux. Kwa asiyejua, Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ile mingine mnayoijua, ila huu ni wa bure, na mwenye akili zake anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Ubaya wake, kwa maelezo ya mdogo wangu, ni kwamba watengenezaji wengi wa vifaa hawakuufikiria walipokuwa wanatengeneza. Unaweza kununua mashine ya maana, inang'aa, ukaiwekea Linux ikawa kiziwi, au ikakosa mtandao, au ikilala haiamki. Dawa yake ni kuuliza kabla ya kununua, na mtu wa kumuuliza ni yeye.

Mtaani wanamwita Subiri, kwa sababu neno lake la kwanza kwa mteja ni "Subiri kwanza." Kuna mwalimu alimjia amekumbatia printa mpya, jasho linamtoka, akasema ameipata kwa bei ya kutupa. Mdogo wangu akaigeuza, akasoma namba ya chini, akafungua daftari lake.

"Ungeuliza kwanza, mwalimu."

"Kwani haifanyi kazi?"

"Inafanya. Na mifumo mingine."

Hilo daftari ana miaka kumi na moja nalo. Kila kifaa alichowahi kukigusa kimo humo: jina, namba, chipu ya mtandao iliyomo, kadi ya picha, na mwisho wa mstari neno moja. Anakubali. Anasumbua. Anakataa. Hajawahi kuandika "kinakubali" kama sisi tuliosoma ngeli shuleni tukachapwa. Kwake printa ni "yeye", kipanya ni "yeye", hata waya. Kamera ya nje aliyoinunua mwaka ule "alikataa mwezi mzima, halafu akakubali". Nilimtania siku moja nikamwambia, wewe tabia za vifaa unazijua zote, za watu je? Akacheka kidogo, akaendelea kuandika.

Mimi ndiye dada yake, mkubwa wake kwa miaka saba, na nina mdomo. Sijifichi. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi katika mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi, na kazi ile bila mdomo huiwezi: huyu anataka kuruka foleni, yule anadai ulimchapia jina vibaya wakati ni mwandiko wake mwenyewe unaofanana na nyayo za kuku. Kwa hiyo mdomo wangu hupumzika nikilala tu. Na huo mdomo ndio uliomfanya mke wa mdogo wangu afunge mizigo, au ndivyo nilivyoamini kwa miaka miwili.

Walikaa pamoja miaka sita. Wifi yangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule katika karakana kubwa, mwanamke mpole anayecheka kwa mkono mdomoni. Siku moja nilikuja kuwatembelea. Tukakaa watatu sebuleni, ambako nusu yake ni karakana ya mdogo wangu, na kwa saa nzima niliongea peke yangu. Yeye kakunja mgongo mezani, katupa kisogo, anafungua skrubu. Wifi ananiangalia, anamwangalia, anaangalia vidole vyake. Nikachoka. Nikamwambia wifi, tena mbele ya jirani aliyekuja kuazima pasi, "Mdogo wangu hakuwa hivi. Umemfanya bubu."

Uongo mtupu. Mdogo wangu amekuwa hivi tangu ananyonya. Lakini ulimi hauna mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki. Wiki tatu baadaye nikasikia amehama, amepanga chumba karibu na karakana yao ya sare. Mdogo wangu nilipompigia alisema, "Ameondoka," kisha akaniuliza kama kwangu mvua imenyesha. Hakunilaumu siku hiyo wala siku yoyote baadaye, na kwangu huo ulikuwa mzigo mzito kuliko matusi.

Nimekuwa nikimtembelea tangu hapo, na kila nikienda nyumba imezidi kunywea. Mswaki mmoja. Kikombe kimoja kimefunikwa kwenye kichanja. Kitanda cha watu wawili, upande mmoja umelaliwa na upande wa pili umepangwa maboksi ya kibodi. Meza ya chakula imeliwa na printa zilizokufa, kwa hiyo anakula amesimama dirishani. Watu wanasema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Wangu kaenda pole mpaka nyama ikahama mtaa.

Mwaka huu kompyuta ya dukani kwangu ilinishinda. Wateja wanakuja na flashi zimejaa virusi kama nguo kuukuu zilivyojaa chawa, na kila wiki nilikuwa namlipa kijana wa kusafisha, anasafisha, wanarudi. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia nimesalimu amri, nitafutie mashine ya hiyo Linux yako. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikatoa na la pili.

"Nataka mambo mawili kwako. Mashine, na wifi yangu. Nenda kamwone. Mwambie dada anataka kuja kukaa naye chini amwombe msamaha. Akikubali niambie, nitakuja siku hiyo hiyo."

Nikasikia skrubu ikianguka kwenye bati.

"Subiri kwanza," akasema. "Nitaangalia."

Nikasubiri wiki tano. Siku ya Alhamisi, duka limejaa wanafunzi wa mitihani, simu ikalia mfukoni. Ujumbe wake, mfupi kama kawaida:

"Dada. Wifi yako amekubali. Njoo Jumamosi."

Nilipiga kelele wanafunzi wakashtuka. Nilitoa kopi ishirini za ukurasa usiohusika na sikujali. Nikampigia shangazi yetu, akapiga vigelegele mpaka nikaondoa simu sikioni. Jioni nikaenda kununua mashuka mapya, rangi ya maziwa, na vikombe sita, maana nilijua mle ndani kuna kimoja. Kwenye basi nilikaa dirishani nikawa nafanya mazoezi ya kuomba msamaha chini chini. Abiria wa kando yangu aliniuliza kama naumwa.

Nilifika saa sita mchana. Nikapiga hodi huku nimeshaingia.

"Wifi yuko wapi?"

Mdogo wangu aligeuka kutoka mezani. Alikuwa amenyoa. Alikuwa hata amefagia.

"Yupo," akasema. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Tangu juzi hajakatika hata mara moja."

"Hajakatika?"

"Kwanza alikuwa anasumbua. Anakubali dakika tano, anazima. Nikamtoa nikamweka mwingine."

Nilishusha mfuko wa vikombe chini taratibu. Nikaangalia alikokuwa ananionyesha kwa bisibisi. Mezani palikuwa na kompyuta ya mkononi, nyeusi, nene, na juu ya skrini, kwenye kona, ile alama ndogo ya mtandao wa hewani, mistari yote imejaa.

Wifi yangu. Wifi ya kompyuta yangu.

Nilipaswa kujua. Miaka kumi na moja nimesoma lile daftari, nimelicheka, nimewasimulia wateja wangu. Mtu mmoja tu katika nchi nzima anaweza kuiita wifi ya mashine "yeye", na huyo nimembeba mgongoni. Nikaondoa printa kwenye kiti, nikakaa, nikacheka, na kicheko kikanigeukia. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Alisimama na bisibisi yake. Hakujua aiweke wapi.

"Dada, kuna msiba?"

Nikampa simu yangu asome ujumbe wake mwenyewe. Akausoma. Akausoma tena, midomo inacheza. Akajikuna sikio kwa bisibisi.

"Niliandika ya mashine," akasema.

"Nimeshaona."

Akatazama mfuko wa mashuka. "Na hayo?"

"Ya kitanda chenu."

Alipoelemewa alifanya kile anachojua kufanya: alivuta kompyuta karibu yangu akaanza kunieleza. Alikuwa amekataa mashine sita kabla ya hiyo. Ya kwanza chipu yake ya mtandao ilitaka programu ambayo kampuni haimpi mtu. Ya pili kamera haikuonekana kabisa. Nyingine ilikuwa nzuri kila kitu, ila ukifunga mfuniko ndiyo buriani. Hii nyeusi ilitoka ofisini kwa watu, nzito, haina sura, lakini mashine za aina hiyo wameshazitumia wengi, na ugonjwa wake wowote umeshaandikiwa dawa. Kadi yake ya wifi ilisumbua, akaing'oa, akaweka nyingine ndogo kama stempu aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa.

"Na aina za herufi nimekuwekea," akasema. "Zile ambazo wateja wako wanaandikia. Bila hizo, barua ikifunguka mistari inahama, muhuri unakaa juu ya jina la mtu. Na ile mashine yako ya kopi, nilipokuja mwaka juzi niliandika namba yake. Anakubali. Huhitaji kununua nyingine."

Alikumbuka namba ya mashine yangu ya kopi aliyoiona mara moja. Nikamwangalia yule mtu, nikapandwa na hasira na huruma kwa pamoja.

"Ulikwenda kumwona?" nikauliza. "Mke wako. Nilikwambia mambo mawili."

Akafuta skrini kwa kiganja. "Nilifika mpaka getini kwao. Mara mbili."

"Ukamwambia nini?"

"Walikuwa wanatoka kazini. Wengi. Nikarudi."

Basi nilikuwa nimeshaaibika kwa shangazi, nimeshalia, nimeshabeba vikombe mwendo wa saa nne. Nikasema, kama hii wifi kweli imekubali, tutampigia yule wifi, hapa hapa. Akasema subiri kwanza. Nikamwambia nimesubiri miaka miwili. Nikaingia kwenye akaunti yangu, nikatafuta namba, nikapiga simu ya video. Yeye akarudi nyuma mpaka ukutani, mahali ambapo kamera haifiki.

Iliita mara tatu. Uso wa wifi ukajaa skrini nzima, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Nyuma yake wanawake walikuwa wanakula na kucheka, na cherehani moja bado inakimbia. Sauti ilikuja safi, mle sebuleni kukawa na watu ghafla.

"Wifi! Shikamoo!"

"Marahaba, wifi." Mazoezi yote ya kwenye basi yakanitoka. "Wifi, nimekukosea. Nilikwambia umemfanya mdogo wangu bubu, tena mbele ya mtu. Nilisema uongo nikijua ni uongo. Nimevunja nyumba yako kwa mdomo wangu. Naomba unisamehe."

Akaweka mkono mdomoni, lakini hakuwa anacheka. Akainuka, akatembea na simu mpaka kelele za wenzake zikabaki mbali. Nyuma yake sasa palikuwa na ukuta na ndoo.

"Wifi, ndicho unachobeba siku zote hizo? Lile neno?"

"Ndilo."

"Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikasahau." Akavuta pumzi. "Sikuondoka kwa ajili yako. Wewe ulinisema, wifi. Yeye hakunisemesha. Ukija wewe, hata ukinichamba, nilikuwa nafurahi angalau kuna mtu anajua nimo ndani."

Nikageuza macho ukutani. Mdogo wangu alikuwa amesikia kila neno, maana spika zile alizichagua mwenyewe, akazijaribu mwenyewe. Alisogea. Akainama juu ya meza mpaka sura yake ikaingia kwenye kona ya picha.

"Nipo," akasema.

Wifi alimtazama. Hakukunja uso.

"Najua upo. Miaka sita yote ulikuwepo."

Akasubiri. Nilimwona kabisa anasubiri, kichwa kakiinamisha upande, futi kaishika kwa vidole viwili. Mdogo wangu alifungua mdomo. Juu ya skrini dakika zilikuwa zinahesabika. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Unanisikia vizuri?" akauliza.

"Nakusikia vizuri."

"Hakuna mwangwi?"

"Hakuna."

Kengele ya kazi ikalia upande wa pili.

"Haya," wifi akasema, kwa upole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe mtoto. "Narudi kazini. Wifi, mimi sina kinyongo na wewe, lile jambo lishushe. Uwahi basi lako." Na picha ikaondoka.

Nilitaka kumtukana yule mtu. Niliyapanga matusi, mazuri, ya kutosha kufika nayo nyumbani. Nikamgeukia, na nikamkuta hajainuka. Amebaki ameinama vile vile, mikono miwili juu ya meza, anaongea. Mwanzoni sikusikia, ilikuwa chini sana.

"Nilikuwa namsikia, dada."

"Nani?"

"Akirudi kazini. Nilikuwa nasikia viatu vyake mlangoni, nasikia anatundika mkoba. Kila siku. Nilikuwa nafurahi. Nikijua amefika moyo wangu unatulia kabisa, hata mikono haitetemeki na zile skrubu ndogo. Halafu najiambia, nimalize hiki kimoja, ndipo nigeuke nimuulize siku ilikuwaje. Namaliza, naona kingine kidogo tu. Nikigeuka, taa ya chumbani imeshazimwa." Akainamia meza zaidi. "Alipoondoka nikawa nageuka mapema. Saa kumi na moja hivi, nageuka. Mpaka leo nageuka."

"Uliwahi kumwambia hayo?"

"Nilidhani anajua."

Nikapiga tena. Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Kengele yao ilikuwa imelia, simu zao huwa wanaziacha kwenye mikoba. Nikapiga mara ya tatu, mtandao haukuyumba hata kidogo, mlio ulikuwa safi, unaita, unaita. Mdogo wangu alikuwa bado ameinamia maikrofoni, anangoja ipokelewe, na mara hii alikuwa na la kusema.